Presha na uzito: kazi ya homoni tusizoziona

Wengi wetu tuliofika Marekani kutoka kambini tumeongezeka uzito. Gari limechukua nafasi ya miguu, soda ni rahisi, na zamu ya usiku inamaliza usingizi. Kisha kliniki inasema presha iko juu, nasi tunajibu, "Ni mawazo tu." Mawazo yana sehemu yake, lakini mtu mwenye uzito mkubwa anaweza kuwa na amani kabisa na presha ikabaki juu.

Mafuta ya tumboni si akiba iliyolala. Yanatengeneza homoni na kuzituma kwenye damu.

Kwa kawaida kazi huanzia kwenye figo. Damu ikipungua au ukikosa maji, figo hutoa kitu kiitwacho renini. Renini hukata protini inayotengenezwa na ini, na baada ya hatua moja zaidi inapatikana homoni ya anjiotensini. Hiyo hubana mishipa ya damu. Pia huamsha tezi ndogo zilizo juu ya figo zitoe aldosteroni, ambayo huziambia figo zisiachie chumvi. Chumvi ikibaki, maji hubaki nayo. Fikiria bomba limebanwa na maji yameongezwa: msukumo lazima upande. Kwa mtu aliyetembea siku nzima bila maji, mpango huu ni wokovu.

Shida ni kwamba mafuta ya mwili nayo hutengeneza ile protini ya ini. Mpango wa dharura unabaki unafanya kazi usiku na mchana, wakati dharura haipo. Tena mafuta hutoa leptini, homoni ya kuuambia ubongo umeshiba. Ikizidi sana, ubongo huacha kusikia habari ya shibe, lakini mishipa ya fahamu inayochochea moyo na figo inaonekana huendelea kuisikia. Insulini iliyozidi nayo huzuia chumvi isitoke. Na anayekoroma huku pumzi ikikatika usingizini huongeza mzigo mwingine. Mwambieni daktari, hata kama nyumbani mnamcheka.

Ndiyo maana kidonge hakimezwi siku ya kuumwa kichwa peke yake. Lisinopril huzuia anjiotensini isitengenezwe. Losartan huizuia isifanye kazi. Ukiacha kwa kuwa unajisikia vizuri, homoni zinarudi kazini kimyakimya, hadi siku ya kiharusi au figo kushindwa. Lisinopril ikikuletea kikohozi kikavu, usiitupe: omba ibadilishwe. Midomo au ulimi ukivimba, piga 911. Mama mjamzito hatumii dawa hizi mbili. Ukitambua una mimba, pigia kliniki siku hiyohiyo. Na ile "chumvi mbadala" ya dukani mara nyingi ni potasiamu, ambayo pamoja na dawa hizi inaweza kuvuruga moyo. Uliza kwanza.

Hapa presha huitwa ya juu kuanzia 130 kwa 80. Lakini angalia mkanda wa kupimia. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, namba hupanda kwa uongo, na unaweza kupewa dawa usiyohitaji. Omba mkanda mkubwa. Omba na mkalimani pia: kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kukupatia bila malipo, na mtoto wako asifanye kazi hiyo.

Uzito si lazima uishe wote. Kila kilo inayopungua hushusha presha kwa kama namba moja, hivyo kilo tano zina maana. Kuhusu chumvi, kikomo ni miligramu 2,300 za sodiamu kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai cha chumvi, tukihesabu na iliyomo ndani ya kiungo cha mchuzi na tambi za pakiti. Soma neno "Sodium" nyuma ya pakiti moja ya tambi hizo kabla ya kuwapikia watoto, utashangaa.