Waziri Akitumbuliwa, Kakola Inahusikaje?

Mjadala wa madini ukianza hapa vimbwetani, dakika kumi hazipiti tumeshagawanyika kambi mbili. Kambi ya kwanza inasema tuliibiwa miaka mingi, na mwaka 2017 ndipo tulipofumbua macho. Kambi ya pili inasema mwaka huohuo ndipo tulipofukuza wawekezaji, na mpaka leo tunalipa. Mimi ni mtu wa Kolandoto, barabara ya kwenda Mwadui, kwa hiyo ubishi huu nimeusikia tangu niko sekondari. Ninavyoona, kambi zote mbili zinabishania jambo moja tu: nani alistahili kupata kiasi gani. Lipo swali jingine ambalo hatulijibu. Uongozi ukitikisika juu, pesa inapotea kwa njia gani, na inapotea mfukoni mwa nani?

Tukumbushane kwanza yaliyotokea. Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku kusafirisha makinikia, ule mchanga wenye dhahabu, shaba na fedha ambao migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ilikuwa inaupeleka nje kuyeyushwa. Makontena 277 yakazuiwa. Mei 24 kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikakabidhi ripoti kwa Rais Magufuli, na siku hiyohiyo Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, akatumbuliwa. Juni ikaja ripoti ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro. Mwanzoni mwa Julai Bunge lilikuwa limeshapitisha sheria mpya kwa hati ya dharura: mrabaha wa dhahabu ukatoka asilimia 4 kwenda 6, na Serikali ikapewa hisa zisizopungua asilimia 16 bila kuzilipia. Mwezi huohuo kampuni ya Acacia ikaletewa madai ya kodi, adhabu na riba ya dola bilioni 190. Septemba, baada ya ripoti za Bunge kuhusu almasi na tanzanite, George Simbachawene na Edwin Ngonyani wakajiuzulu nafasi zao serikalini. Wizara ikakaa bila waziri kamili mpaka Oktoba, ilipogawanywa mara mbili na Angellah Kairuki akapewa Madini.

Ukihesabu kuanzia Januari 2015 mpaka Januari 2019, madini yalipita kwa Simbachawene, Muhongo, Kairuki na Doto Biteko. Mawaziri wanne ndani ya miaka minne.

Sasa tuje kwenye uchumi wenyewe, na nitatumia mfano wa bumu maana huo tunauelewa wote. Bodi ya Mikopo ikisema pesa ya chakula imepunguzwa, utalalamika, lakini utapanga. Utahama chumba, utapika mwenyewe, na mama ntilie ataendelea kukukopesha kwa sababu anajua utalipa kidogokidogo. Lakini ukiambiwa kiasi hakijulikani, tarehe haijulikani, na aliyekuahidi jana leo si yeye tena ofisini? Hapo mama ntilie anafunga daftari. Hajakuchukia, ila hawezi kupiga hesabu.

Mgodi unafanya kazi hivyohivyo, ila kwa miaka ishirini au thelathini. Pesa inazikwa ardhini mwanzoni, kwenye mashimo, mitambo na umeme, na inarudi polepole. Anayetoa pesa hiyo anaweza kuvumilia mrabaha mkubwa kama anaujua, kwa sababu atauweka kwenye hesabu zake. Asichoweza kukiweka kwenye hesabu ni sheria ambayo haijulikani itakaa mwaka au wiki. Akikosa uhakika anafanya moja kati ya mambo matatu: anasimamisha, anaondoka, au anabaki kwa masharti ya faida kubwa zaidi ili kufidia hofu yake. Hilo la tatu watu hawalioni, ila maana yake ni kwamba nchi yenye mtikisiko hununua uwekezaji uleule kwa bei ya juu.

Ushahidi uko hapahapa kwetu. Mgodi wa Geita wa AngloGold Ashanti ulikumbwa na sheria zilezile za 2017 na mrabaha uleule wa asilimia 6. Kampuni ilifungua shauri la usuluhishi ili kujilinda, lakini uchimbaji haukusimama, kwa sababu Geita inatoa mikuo ya dhahabu, haitegemei makinikia. Bulyanhulu ilikuwa hadithi nyingine. Haikujua mchanga wake utaruhusiwa lini, wala deni lake ni kiasi gani. Septemba 2017 Acacia ikatangaza kupunguza shughuli, na watu kama 2,000, waajiriwa pamoja na wa wakandarasi, wakaguswa. Sheria moja, migodi miwili, matokeo mawili. Kwa hiyo mrabaha peke yake hauwezi kuwa ndio uliosimamisha kazi kule Kakola.

Na ikisimama, anayeumia kwanza si mwenye hisa London. Huyo anauza hisa zake kwa hasara na kuhamia kwingine. Dereva wa mkandarasi, mwenye nyumba ya kupanga Kakola na muuza mboga hawana pa kuhamia. Halmashauri nayo inaumia. Ushuru wa huduma wakati huo ulikuwa asilimia 0.3 ya mapato ghafi ya kampuni. Mauzo yakishuka, na ushuru unashuka. Sisi wa ualimu tulione hilo vizuri, maana madarasa mengi huko tutakakopangiwa hujengwa kwa mapato ya ndani ya halmashauri.

Mwadui nayo ilipata yake. Septemba 2017 Serikali ilitangaza kushikilia almasi za Williamson, karati zaidi ya 71,000, kwa madai kwamba thamani yake ilishushwa. Petra Diamonds, iliyokuwa na asilimia 75, ikasimamisha kazi kwa siku chache. Ila tusiibebeshe siasa kila kitu: Aprili 2020 mgodi huo ulipofungwa kwa muda, sababu ilikuwa soko la almasi kuanguka kipindi cha korona. Maganzo walikaa bila mgodi zaidi ya mwaka.

Je, tulipata nini? Tulipata, na ni lazima tuseme. Oktoba 2017 Barrick ilikubali kugawana faida za kiuchumi nusu kwa nusu na kulipa dola milioni 300. Septemba 2019 ikainunua Acacia yote, na Januari 2020 ikasaini na Serikali mkataba wa Twiga, asilimia 84 kwa 16. Mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliondolewa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5, na soko la dhahabu likafunguliwa Geita. Anayesema 2017 ilikuwa hasara tupu hajawauliza wachimbaji wadogo.

Lakini kuna bili iliyokuja kimyakimya. Januari 2018 leseni zote za kuhodhi maeneo zilifutwa kwa kanuni mpya. Hoja ya Serikali ilikuwa na maana: watu wameshika ardhi na hawachimbi. Ila kampuni tatu zilikwenda kwenye usuluhishi wa kimataifa. Winshear ilimalizana na Serikali kwa dola milioni 30 mwaka 2023, Indiana kwa milioni 90 mwaka 2024, na Montero kwa milioni 27 mwaka huohuo. Jumla ni dola milioni 147, karibu nusu ya zile 300 za Barrick. Na wakati bili inafika, waliofuta leseni wengi walishatoka ofisini. Mtikisiko una tabia hiyo: anayeukopa si anayeulipa.

Wala hatujamaliza somo. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, watu walipoteza maisha, intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa, na Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka usiku. Uhai wa mtu haupimwi kwa dola, na siandiki hapa kuupima. Ila mwenye duka la kuchapisha kazi za wanafunzi na mwenye mtaji wa mabilioni walijiuliza swali moja siku zile: kesho sheria ni ipi, na nani ataisimamia?

Ndiyo maana napendekeza tubadilishe mjadala wetu. Tukimsikiliza kiongozi, awe wa Bunge la Dodoma au wa serikali yetu ya wanafunzi, tumuulize mambo matatu. Kanuni unayobadilisha inaanza lini, na wanaoguswa wamepewa muda gani wa kujiandaa? Ukiondoka kesho, atakayekuja atakuta maandishi gani? Mkikosana na mnayeingia naye mkataba, nani anaamua, na kwa muda gani?

Kudai haki yetu kwenye dhahabu ni sawa kabisa, na asilimia 6 bado ipo, migodi inailipa na kazi inaendelea. Bulyanhulu ilirudi kuzalisha baada ya makubaliano kusainiwa. Haikuhitaji tupunguze madai yetu. Ilihitaji kujua tunadai nini.