Macho Yakitokeza, Shingo Nayo Itazamwe

Mtu abadilikapo sura, wenzake hunong'ona kabla ya kumwuliza habari. Tuseme yuko mama mmoja mkulima, mwenye umri wa miaka 40. Mwaka jana macho yake yalikuwa kama ya watu wote. Sasa yamekodoka kama ya mtu aliyeshtuka. Kila aamkapo kope zimevimba, na upepo ukivuma machozi humtoka. Tena amekonda, ingawa anakula kuliko zamani. Watoto wamwona amekuwa mkali, na majirani wasema amerogwa. Yeye mwenyewe adhani ni moshi wa jikoni au vumbi la shamba, basi anunua dawa ya matone dukani, na miezi inapita.

Mama huyo hakurogwa, wala hana hasira na mtu. Ana ugonjwa ambao madaktari wameujua kwa muda wa karibu miaka 200. Robert Graves, daktari wa mji wa Dublin katika Ireland, aliandika habari zake mwaka 1835. Mwaka 1840 Karl von Basedow, daktari wa Ujerumani, aliandika juu ya wagonjwa waliokuwa na mambo matatu pamoja: shingo kuvimba, moyo kwenda mbio, na macho kutokeza. Kwa hiyo Waingereza huuita ugonjwa wa Graves, na Wajerumani huuita wa Basedow.

Asili yake ni nini? Mbele ya shingo, chini ya kikoromeo, kuna tezi yenye umbo kama la kipepeo. Madaktari huiita thairoidi. Kazi yake ni kutoa homoni inayouamuru mwili kutumia chakula kwa haraka au polepole, kama mtu afunguavyo na kufunga mfereji wa maji shambani. Tena damu ya kila mtu ina askari wake wa kupigana na vijidudu vya maradhi. Katika ugonjwa huu askari hao hukosea, wakaichokoza tezi hata itoe homoni kupita kiasi. Ndipo moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, joto humchosha mtu, usingizi humkimbia, na mwili hukonda.

Askari hao hao huweza kushambulia pia nyama na mafuta yaliyo nyuma ya macho. Jicho limekaa ndani ya tundu la mfupa, na mfupa hautanuki. Nyama za nyuma zikivimba, jicho halina njia ila kusukumwa mbele. Misuli inayoligeuza jicho nayo hukakamaa, na mgonjwa huona vitu viwiliviwili. Kope hushindwa kufumba sawasawa, na jicho hukauka. Kwa wagonjwa wachache uvimbe huo hubana mshipa upelekao habari za jicho kwenye ubongo, na hapo mtu aweza kupofuka.

Yafaa wasomaji wajue kwamba jambo hili si sawa na rovu litokanalo na upungufu wa madini ya iodini, ambalo lilijulikana sana katika nchi za milimani. Rovu lile huzuiwa kwa kula chumvi iliyotiwa madini hayo. Ugonjwa wa Graves hauponi kwa chumvi, na mtu ajinunuliaye dawa za iodini bila shauri la daktari aweza kujidhuru. Tena si kila mgonjwa wa macho haya ana shingo iliyovimba. Wako wachache ambao tezi yao hufanya kazi sawasawa, au hata kwa ulegevu. Kwa hiyo shingo haitazamwi kwa macho tu. Damu lazima ipimwe.

Basi mgonjwa afanye nini? La kwanza, aende hospitali, aeleze mambo yote na siyo macho peke yake: moyo, uzito, usingizi, na kutetemeka. Mtu akieleza macho tu, huenda akapewa matone tu. Tezi ikionekana kufanya kazi kupita kiasi, daktari huweza kutoa dawa ya kuituliza, kama kabimazoli, ambayo mara nyingi hutumiwa kwa muda wa miezi 12 hata 18. Asiiache kwa kuwa amepata nafuu. Lakini akipatwa na homa pamoja na maumivu ya koo, asiendelee kuimeza. Aende siku ile ile damu yake ipimwe, maana dawa hii mara chache hupunguza chembe nyeupe za damu. Na mwanamke aliye mja mzito, au atakaye kuzaa, amwambie daktari mapema, kwa sababu dawa huenda ikabidi kubadilishwa.

Iko pia tiba ya iodini yenye mnururisho, nayo ni tiba njema kwa wengi. Hata hivyo yaweza kuyazidisha maradhi ya macho, hasa kwa wavuta sigara. Kwa hiyo daktari wa tezi na daktari wa macho washauriane kwanza.

La pili ni tumbaku. Hapa hatuna budi kusema wazi. Mvuta sigara aliye na ugonjwa wa tezi hii hupatwa na maradhi ya macho upesi kuliko asiyevuta, huumwa vibaya zaidi, na tiba humfaa kidogo. Mambo mengine ya ugonjwa huu hayamo mikononi mwa mgonjwa; hili limo. Karani azoeaye sigara baada ya kila faili, na aiache leo. Na mume wa mgonjwa asivutie sigara chumbani, kwa maana moshi wa mwingine nao si wa kuaminiwa.

La tatu ni kulihifadhi jicho nyumbani. Machozi ya kutengenezwa, yapatikanayo katika maduka ya dawa, hulilainisha jicho lililokauka. Usiku mafuta mazito ya macho hufaa zaidi. Miwani ya giza huzuia jua, upepo na vumbi. Kichwa kiinuliwe kwa mito miwili wakati wa kulala ili uvimbe wa asubuhi upungue. Aonaye vitu viwiliviwili azibe kioo kimoja cha miwani, asiendeshe gari wala baiskeli, na awe mwangalifu sana na panga na mashine. Moshi wa kuni nao huudhi macho, basi jiko lipate dirisha.

Huenda msomaji akauliza, Je, macho yatarudi kama zamani? Daktari F. F. Rundle alionyesha mwaka 1945 kwamba ugonjwa huu hupanda, hufika kilele, kisha hutulia na kupungua kidogo. Muda huo huwa miezi mingi, pengine miaka miwili au zaidi. Wengi hawafiki hatari kubwa. Uvimbe ukiwa mkali, madaktari hutia dawa za steroidi mshipani, mara nyingi kila juma kwa majuma 12. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha dawa iitwayo teprotumumab, ambayo hupunguza kutokeza kwa macho. Lakini bei yake ni kubwa mno, na huweza kudhuru masikio. Ugonjwa ukiisha kutulia, upasuaji huweza kupanua tundu la jicho, kisha kunyosha misuli, na mwisho kurekebisha kope. Upasuaji wa kuokoa uwezo wa kuona, hata hivyo, haungoji kutulia.

Kwa ajili hiyo kumbukeni sana dalili hizi: rangi zikianza kufifia, hasa nyekundu, jicho likipungukiwa na nuru, likiuma sana, au lisipofumba kabisa wakati wa kulala. Mtu aliye na moja ya hizo asingoje siku ya soko, wala mwisho wa mwezi, wala mavuno kwisha. Aende hospitali siku hiyo hiyo.

Neno la mwisho ni kwa jamaa za mgonjwa. Mtu mwenye macho haya huona haya kwenda kanisani, msikitini au barazani, kwa kuwa watu humkazia macho. Moyo wake nao hupapatika kwa ugonjwa, hata akanena kwa ukali asiokusudia. Msimcheke, wala msimpeleke kwa mpiga ramli. Mfuateni hospitali, mkamkumbushe dawa zake. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Maradhi haya hayafichiki usoni, lakini wengi huyaficha kwa kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakowapotezea nuru ambayo ingaliweza kuokolewa.