Saa ya Plastiki na Jua la Eldas

Nikitakiwa nitaje saa ya mkono iliyowafikishia watu wengi wa kawaida muda ulio sahihi, sitaigusa Rolex wala Cartier. Nitataja Casio F-91W, saa ndogo nyeusi ya plastiki iliyosanifiwa na Ryusuke Moriai na kutolewa mwaka 1989. Betri yake hudumu kama miaka 7, na watengenezaji wanaahidi kuwa haitakimbia wala kuchelewa kwa zaidi ya sekunde 30 kwa mwezi. Kwa mchunga ngamia, mwalimu au mwadhini wa Eldas, katika kaunti ya Wajir, hakuna saa ya kifahari inayoweza kumfaa kuliko hiyo.

Hapo awali saa ya mkono ilitegemea springi na magurudumu madogo ya meno. Usipoitia ufunguo inasimama. Vumbi likiingia, inakwenda kwa fundi. Hata ile nzuri hukosea sekunde kadhaa kila siku. Mageuzi yalianza Tokyo tarehe 25 Desemba 1969, Seiko ilipoingiza sokoni Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatsi. Ilikosea kama sekunde 5 tu kwa mwezi, lakini iliuzwa yeni 450,000, bei ya gari dogo. Miaka 20 baadaye kanuni ile ile ilikuwa ndani ya plastiki ambayo hata mwanafunzi angeweza kuinunua.

Kanuni yenyewe inapendeza. Ndani mna kipande cha fuwele ya kwatsi kilichochongwa mfano wa uma wenye meno mawili. Kikipata umeme wa betri hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa tu: igawe kwa mbili mara 15, utabaki na moja. Saketi ya saa huigawa hivyo hivyo mpaka ipate pigo moja kila sekunde.

Adui wa fuwele hiyo ni joto. Mara nyingi hukatwa ili iwe sahihi kabisa kwenye nyuzi 25 hivi za Selsiasi. Joto likizidi au kupungua, mtetemo huwa wa polepole zaidi. Kwenye nyuzi 45 saa huchelewa takriban sekunde moja kwa siku. Kwa hiyo saa inayoshinda rafuni chini ya mabati yenye moto wa mchana itachelewa kuliko iliyo mkononi, maana joto la ngozi halipandi namna hiyo. Ukitaka saa yako isikosee, ivae.

Usahihi huo, hata hivyo, ni wa saa ya taifa. Jua la Eldas lina hesabu yake. Saa ya Afrika Mashariki hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, ambao haugusi Kenya kabisa; unapita Somalia. Kila digrii moja kuelekea magharibi hulichelewesha jua dakika 4. Eldas iko karibu na digrii 39 na nusu, hivyo jua hufika utosini kwa wastani saa 6 na dakika 22 mchana. Garissa, iliyo kusini yake karibu kwenye mstari huo huo, ni vivyo hivyo. Mandera ni kama saa 6 na dakika 13, na Busia saa 6 na dakika 44. Adhuhuri nayo husogea mbele na nyuma ya wastani huo, kwa kuwa dunia imeinama na mwendo wake kulizunguka jua si sawa mwaka mzima: katikati ya Februari Eldas hupata adhuhuri karibu saa 6 na dakika 36, na mwanzoni mwa Novemba saa 6 na dakika 6.

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wawe waangalifu mwezi wa Ramadhani. Jua la Eldas hulitangulia la Nairobi kwa wastani wa dakika 11, zikiongezeka au kupungua kwa msimu. Anayefuturu kwa adhana ya redio ya Nairobi anajichelewesha tu. Anayekula daku kwa kuifuata redio hiyo hiyo huenda bado anatafuna ilhali alfajiri ya kwao imeshaingia. Ratiba iliyokokotolewa kwa Wajir mjini inafaa, kwa sababu tofauti yake na Eldas ni kama dakika 2. Na ukinunua saa inayokokotoa nyakati za swala yenyewe, angalia mji uliowekwa ndani yake. Ukikosa Wajir, weka Garissa, usiweke Nairobi.