Zege Changa Halishiki Bolti

Shemeji yangu ni askari polisi. Mwaka jana alipata likizo ya siku 14, akaazimia kumaliza lango la nyumba yake kabla ya kurejea kambini. Jumamosi alimwaga zege la nguzo mbili. Jumatatu mbao zikafunguliwa. Jumanne fundi akatoboa matundu kwa keekee, akakaza bolti za kutanuka na kutundika lango la chuma. Ijumaa mtoto wake wa pili akalipanda kucheza. Alipokwisha kushuka tu, bolti ya juu iling'oka na pande la zege, lango likaanguka pale pale alipokuwa.

Ndugu wasomaji, wengi hudhani zege hukauka kama nguo kambani. Sivyo. Saruji huungana na maji ikawa kitu kipya, na kazi hiyo huchukua majuma kadhaa. Ndiyo sababu zege humwagiliwa maji kwa siku 7 angalau. Kwa saruji ya kawaida, siku ya 7 zege huwa limepata takriban theluthi mbili za nguvu ya siku 28, ambayo ndiyo wahandisi huihesabu. Siku ya tatu ukiligonga hulia kama jiwe, lakini halijakomaa.

Bolti ya kutanuka hushika kwa kusukuma. Nati ikikazwa, ncha pana ya bolti huvutwa ndani ya ala yake, nayo ala hutanuka na kubana kuta za tundu kwa nguvu nyingi. Katika zege changa, ama tundu husagika na bolti ikazunguka bure, ama ufa hukimbilia ukingoni. Na nguzo ya lango ni nyembamba, ukingo hauko mbali. Mimi naiogopa zaidi ile inayoonekana imekaza, kisha ikalegea kimya kimya. Hata bolti za kugandishwa kwa gundi zahitaji subira: kanuni za zege za Marekani hutaka zege liwe limetimiza siku 21 kabla ya kuzitia.

Asiye na muda wa kungoja na atoboe mbao, si zege. Bolti yenye mguu uliopindwa hufungwa kwenye nondo kabla ya kumwaga, ikapitishwa katika tundu la ubao ili isihame, na meno yake yakazungushiwa kitambaa chenye grisi. Zege lishindiliwe vizuri kuizunguka. Kuichomeka baada ya zege kuanza kushika ni kuiachia uwazi pembeni. Na lango zito lisitundikwe upesi hata hapo.

Nguzo iliyovunjika ilimwagwa upya, bolti zikiwa ndani. Shemeji amekwisha rudi kazini. Lango limeegemezwa kwenye mwembe, limefungwa kamba, na dada yangu hulimwagilia zege asubuhi na jioni, akipiga mstari kwenye kalenda ya jikoni. Jana alifika 19.