Nyaya Tano za Taa ya Omena

Usiku wa mwezi giza, Ziwa Victoria upande wa Mbita huota mji. Taa husimama mistari mistari juu ya maji meusi, kila moja imefungwa kwenye chelezo cha mbao. Mwanga huvuta wadudu na viumbe wadogo wa majini, omena, yaani dagaa wa ziwa hilo, huja kufuata chakula, na kabla ya alfajiri wavu huzungushwa. Mwezi mpevu ukitoka, wengi hubaki nyumbani. Taa gani itashindana nao?

Kwa miongo kadhaa kazi hii ilikuwa ya karabai, iliyokunywa mafuta ya taa usiku kucha na kudai gharama yake hata nyavu zikirudi tupu. Mwaka 2008 kampuni ya taa ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo cha kuchaji kwa nguvu za jua hapo Mbita. Siku hizi WeTu, kampuni iliyoanzishwa na wakfu wa Siemens Stiftung, hukodisha taa za jua kwa wavuvi wa ukanda huu: mvuvi huchukua yake jioni, huirudisha asubuhi. Huko mjini Kisumu, fundi wa jua kali anayeletewa betri ya lithiamu iliyokufa hukutana na swali lile lile linalowakabili wenye vituo. Ndani ya kasha mna seli kadhaa. Nani anajua hali ya kila moja?

Swali hilo si dogo. Seli ya lithiamu ya aina ya LFP, yenye chuma na fosfeti, hutoa volti 3.2 hivi. Kifaa cha volti 12 kinataka seli nne zifuatane, chanya ya moja ikishikana na hasi ya nyingine, jumla 12.8. Zikijaa kabisa kila moja hufika 3.65, na zote pamoja 14.6. Chaja inaijua namba hiyo moja tu, 14.6, na hapo ndipo inapodanganyika.

Seli nne, hata zikitoka katoni moja, hazizeeki pamoja. Ile iliyopungua uwezo hujaa mapema. Tuseme tatu bado ziko kwenye 3.45, yaani 10.35 kwa jumla. Chaja haikomi mpaka ione 14.6, kwa hiyo volti 4.25 zinaiangukia ile moja. Weka mita kwenye ncha mbili za betri: kila kitu shwari. Wakati wa kutumia taa, mambo hugeuka. Tatu zikiwa na 3.1 na ya nne imeshuka hadi 1.7, jumla bado ni 11, na taa bado inawaka.

Seli iliyojazwa kupita kiasi huanza kuvunja kimiminika chake, hutoa gesi na kuvimba. Iliyokamuliwa mno huyeyusha shaba iliyomo ndani yake, na ikichajiwa tena shaba hiyo hujijenga mahali pasipofaa hadi pande mbili zigusane. LFP, ambayo John Goodenough na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas waliichapisha mwaka 1997, ina uvumilivu wake: fosfeti hushikilia oksijeni kwa nguvu. Seli zenye kobalti, kama zile za kompyuta za mkononi zilizozeeka, zikipata joto kali huiachia oksijeni hiyo, na moto ukajilisha wenyewe.

Mlinzi wa haya yote ni bodi ndogo iitwayo BMS. Ufuoni jina hilo huchanganya, kwa sababu kila mvuvi anaijua BMU, kamati ya usimamizi wa ufuo iliyopewa kanuni zake Kenya mwaka 2007. Lakini kazi zao zinafanana kuliko herufi zao. BMU hairidhiki kuambiwa boti ni nyingi. Huziandikisha moja moja. BMS nayo huiuliza kila seli peke yake.

Huuliza kupitia nyaya nyembamba. Seli nne zinahitaji nyaya tano: wa kwanza kwenye hasi ya betri nzima, kisha mmoja kwenye kila kiungo, hadi chanya ya mwisho. Fundi makini hazichomeki kwenye bodi mara moja. Hushika mita, huacha ncha nyeusi kwenye waya wa kwanza na kutembeza ile nyekundu: 0, 3.2, 6.4, 9.6, 12.8. Ni kupanda ngazi. Sasa badilisha waya wa pili na wa tatu kwa bahati mbaya. Bodi itasoma seli ya kwanza 6.4, ya pili 3.2 iliyo kinyume, ya tatu 6.4. Kipande cha silikoni kinachopima hakikuumbwa kwa hesabu hiyo, na moshi mwembamba hutoa taarifa.

Waya mnene wa hasi ya betri ndio unaotangulia kuunganishwa. Huo ndio sifuri ya bodi. Ukikosekana, umeme wa nyaya nyingine hutafuta njia ya kurudi ndani ya vipande visivyobuniwa kuubeba. Kosa la kawaida zaidi, tena la kimya, ni kuunganisha hasi ya taa moja kwa moja kwenye hasi ya betri badala ya mlango wa kutokea wa bodi. Taa itawaka vizuri sana. Transista zinazopaswa kukata umeme zimerukwa, na mlinzi anapuliza filimbi nje ya ua.

Wengi pia huitarajia bodi isawazishe seli zisizolingana. Bodi nyingi hufanya hivyo kwa kumwaga chaji ya seli iliyotangulia kupitia rezista, kwa miliampia 50 hivi. Tofauti ya ampia-saa moja tu itachukua saa 20. Ndiyo maana ni busara kuzisawazisha seli kabla ya kuzifunga pamoja, zote sambamba hadi 3.65, badala ya kumwachia kibarua mdogo shamba zima.

Halafu kuna ziwa lenyewe. Mawimbi hutikisa, unyevu huingia kwenye soketi, pini hushika kutu ya kijani. Kutu ya omu 10 ikipitiwa na miliampia 50 hula nusu volti. Bodi ya bei rahisi inayopima huku ikisawazisha huona seli moja imeshuka na jirani yake imepanda kupita kiasi, hivyo hukata chaji mapema. Taa huondoka kituoni ikidhaniwa imejaa, na saa tisa usiku inazimika, omena wakatawanyika. Lawama huangukia betri. Fundi akiweka mita moja kwa moja kwenye vipande vya nikeli, anasoma 3.33, 3.33, 3.32, 3.33. Seli ni nzima. Kilichooza ni pini isiyozidi upana wa punje ya mchele.