Utando wa Chemchemi na Joto la Ziwa

Mgeni afikapo Majimoto huonyeshwa kwanza chemchemi iliyoupa mji wetu jina. Hujaribu maji kwa kidole, akastaajabu, akaenda zake. Ni wachache wautazamao utando utelezao juu ya mawe. Nami niliudhani kuwa uchafu tu, mpaka tulipofundishwa habari za seli. Kumbe utando ule ni makao ya vijidudu visivyohesabika, vilivyoshikamana kwa ute wao wenyewe.

Nikajiuliza, je, vijidudu huishije penye moto? Jibu limo katika mafuta. Kila kijidudu kimefunikwa na ngozi nyembamba ya mafuta. Sote tumeona samli: asubuhi ya baridi huganda, karibu na moto huyeyuka. Ngozi ya kijidudu ikiganda, chakula hakipiti. Ikilegea mno, yaliyo ndani huvuja. Kwa hiyo kijidudu huyabadili mafuta yake yalingane na joto la mahali. Wako vijidudu waitwao akea, ambao Carl Woese na George Fox waliwatenga na bakteria mwaka 1977. Hao hutia pete ndogo ndogo katika mafuta yao, na kwa kawaida joto likizidi, pete nazo huzidi.

Akea hawakai katika chemchemi tu. Wamo pia katika Ziwa Tanganyika, magharibi ya mkoa wetu. Wakifa, mafuta yao huzama na kuhifadhiwa katika matope, tabaka juu ya tabaka. Mtaalamu Jessica Tierney na wenzake waliyapima mafuta hayo, wakapata joto la ziwa la zamani. Mwaka 2008 walitangaza habari za miaka 60,000. Mwaka 2010 walieleza kwamba mwishoni mwa karne ya 20 ziwa lilikuwa na joto zaidi kuliko wakati wowote wa miaka 1,500 iliyotangulia.

Jambo hili latuhusu. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vema na maji ya chini yenye mbolea. Mimea midogo ya ziwani hukosa chakula, na dagaa nao hupungua. Dagaa hao ndio riziki ya wavuvi wa Karema, na ndio kitoweo chetu hapa shuleni.

Basi, mwenzangu, ukienda chemchemini usiukwangue utando ule kwa mchezo. Inama uutazame. Ndugu zake wa ziwani wametuandikia habari za miaka mingi, nasi yatupasa kujifunza kuzisoma.