JONGOO WA BAHARI NA MGUNGA WA NGARA

Vijana wetu wa Ngara na Biharamulo waijua migunga tangu utotoni, kwa miba yake na maua yake ya manjano yaliyo kama vifundo vidogo vya pamba. Lakini jongoo wa bahari hawatamwona hata wakifika Ziwa Viktoria, kwani ukoo wake wote, pamoja na kiti cha pweza, hauishi katika maji matamu. Basi tumeona yafaa kumlinganisha mgeni huyu na mti wanaoujua.

Kwa macho tu, mmoja ni mnyama mzito mfano wa tango, na mwingine ni kichaka. Walakini kazi zao zakaribiana. Jongoo, hasa yule ambaye wataalamu humwita Holothuria scabra, humeza mchanga, akala uozo ulio ndani yake, kisha mchanga akautoa. Mgunga nao, kwa msaada wa vijidudu vikaavyo katika vinundu vya mizizi yake, huchukua naitrojeni ya hewa ukairutubisha ardhi. (Wataalamu wa mimea waliamua mwaka 2005, wakathibitisha 2011, kwamba jina la Akasia libaki kwa miti ya Australia, ya Afrika ikapewa majina mengine. Wenyeji wangali wakiiita migunga.)

Tena wote wawili hawawezi kukimbia, na hapo ndipo penye jambo. Mwisho wa Aprili 1994 wakimbizi wa Rwanda yapata 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Iliwabidi wapike, na kuni zilitoka katika miti ya karibu, hata vilima vikabaki vitupu. Hatuwalaumu, mwenye njaa apikie nini? Lakini kisiki cha mgunga aghalabu huchipua, na mbegu zake ngumu hukaa ardhini miaka, au husafiri matumboni mwa mbuzi zikaota penye mavi yao.

Jongoo hana kisiki. Akikaushwa huuzwa ng'ambo, hasa China, kwa bei kubwa, na kumwokota maji yakipwa ni rahisi kama kuokota kuni. Dume na jike humwaga mbegu na mayai majini bila kugusana. Wakiwa wachache na mbalimbali, mayai hayakutani na mbegu, na uzazi hukoma kabla ya jongoo wenyewe kwisha. Kwa sababu ya uvuvi huo, Holothuria scabra ametiwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, na huko Zanzibar wako watu wanaomfuga pwani ndani ya nyua za nyavu, wakianza na wadogo waliototolewa katika matangi.